Nyufa Thelathini na Moja

Karatasi ya bei ilikuwa na mstari mmoja tu. Kaka aliisoma kwa sauti akiwa amesimama mlangoni, kisha akaisoma tena, kana kwamba mara ya pili bei ingeona haya na kupungua.

"Ukarabati wa msingi wa nyumba, milioni kumi na tisa na laki mbili."

Mama alikuwa anakamua shuka la watu juu ya beseni. Aliendelea kulikamua hata baada ya maji kuisha.

"Laki mbili za nini tena?" aliuliza. "Milioni kumi na tisa hazikumtosha?"

Mkandarasi alikuwa amekuja asubuhi ile, kaka mwenyewe ndiye aliyemleta. Kijana mtanashati, viatu vyeusi vimechongoka mbele kama midomo ya ndege. Aliizunguka nyumba mara moja kwa hatua, midomo ikimcheza kwa kuhesabu, kisha akaingia ndani na kuhesabu nyufa. Alipata thelathini na moja. Akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuitwa, akaandika karatasi yake, akaenda zake.

"Sasa mnisikilize," kaka alisema. "Msingi wote umechoka. Hela hiyo hatuna, na hata tukiuza figo hatuifikishi. Yupo mtu anayetaka kiwanja. Nyumba haitaki, ataivunja. Amesema anasubiri mpaka mvua za msimu huu zije zikatike, basi. Mama utahamia kwangu, kile chumba cha uani."

"Na dada yako?"

"Na yeye. Tutabanana."

Kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu, na usiku wa mvua alikuwa halali, akiwaza ukuta ukimwangukia mama yake kitandani. Lakini kile chumba cha uani kilikuwa na nafasi ya kitanda kimoja na mlango wa kufungukia nje. Kamba za kuanikia zisingepata pa kufungwa. Cherehani ingeingia pale endapo mtu angekubali kulala amesimama. Mama alikuwa akiishi kwa kufua nguo za watu, binti yake kwa kushona, na kazi zote mbili zilikaa ndani ya nyumba ile kama meno ndani ya kinywa.

Binti huyo walimwita Sindano. Kwa sababu ya wembamba, na kwa sababu ya kazi, na kwa sababu ya tatu ambayo watu waliisema wakicheka: alipita katikati yao bila kusikika. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka baba alipougua, na tangu hapo alikuwa nyuma ya cherehani. Wateja walimzoea. Walisema wao, yeye akaitikia kwa kichwa, na nguo ikatoka imekaa vizuri kuliko walivyoisema.

Siku ile pia aliwaachia wengine maneno. Kaka alipoondoka aliiokota karatasi mezani, akaigeuza. Nyuma, kwa kalamu ya risasi iliyofifia, palikuwa na hesabu: *48 × 400,000*.

Akaitazama kwa muda mrefu. Arobaini na nane ni mita, hiyo aliijua mara moja, kwa kuwa yeye na mita walikuwa wameshibana. Laki nne ni bei ya mita. Kumbe ile bei iliyomtia mama baridi ilikuwa imeshonwa kama gauni lolote: urefu, mara bei ya kipande. Na gauni unaweza kulifumua ukaona ndani.

Alichukua futi yake ya kushonea, ile laini ya sentimita mia na hamsini, akatoka nje. Akaizunguka nyumba akiwa ameinama, akibana ncha kwa kidole gumba, akiweka alama ukutani kwa chaki ya kukatia nguo. Mara ishirini na nne akarudi alipoanzia.

Ishirini na nne mara moja na nusu. Thelathini na sita.

Akarudia kwa kuanzia upande wa pili, kwa kuwa alishazoea kudhani kosa ni lake. Thelathini na sita. Akasimama pale, akakumbuka viatu vilivyochongoka. Mtu aliyevaa viatu vile hawezi kupiga hatua ya mita. Alipiga hatua arobaini na nane fupi, za mtu anayeumia vidole, na kila hatua akaiandika mita.

Sindano alicheka peke yake, kidogo, puani. Kisha kicheko kikakauka. Hata mita thelathini na sita zilikuwa milioni kumi na nne na laki nne. Bado nyumba ilikuwa inakwenda kuvunjwa.

*

Keshokutwa yake alikuja Mama Zege na ovaroli lililochanika magoti yote mawili.

Mama Zege alikuwa fundi mwashi, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mabega kama kabati, sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya barabara. Alianza kwa kubeba karai, akaishia kuwaamuru wanaume waliokuwa wakimcheka. Kila miezi mitatu alimletea Sindano ovaroli lile lile.

"Mwanangu, magoti yameniacha tena. Tia kiraka juu ya kiraka, usinionee huruma."

Sindano alilipokea. Alikaa, akatia uzi, akakanyaga cherehani kidogo, akaacha. Akakanyaga, akaacha.

"Una nini? Mashine mbovu?"

"Hapana." Akapiga moyo konde. "Shangazi, mita moja ya msingi, mbona laki nne?"

Mama Zege alimtazama. Kwa miaka sita, hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ndefu kupita zote alizowahi kuzisikia kutoka kinywa kile.

"Nani kakwambia laki nne?"

Sindano akampa karatasi. Mama Zege akaisoma mbele na nyuma, akavuta kigoda.

"Laki nne siyo wizi," alisema. "Nikisema wizi nitakuwa namsingizia. Sikiliza. Msingi mpya unachimba mfereji mmoja mrefu, unamwaga zege, umemaliza. Wa zamani una nyumba juu yake. Huwezi kuuchimba wote, nyumba itakukalia. Unachimba kipande cha mita moja, chini ya ule wa zamani, kwa mkono, umelala ubavu kama fundi gari. Ndiyo maana unaona magoti yangu. Unaweka nondo, unamwaga zege, unasubiri likomae. Ndipo unagusa kipande kingine, tena siyo jirani yake. Saruji, kokoto na mchanga siyo vinavyokula hela. Kinachokula hela ni ile mikono na kule kusubiri."

"Kwa hiyo mita zikipungua..."

"Bei inapungua. Hakuna uchawi hapo. Swali siyo laki nne. Swali ni mita ngapi zinaumwa."

"Amesema zote. Nyufa thelathini na moja."

Mama Zege aliinuka, akaingia ndani bila kusubiri kualikwa, akazunguka vyumba akigusa kuta kwa kidole. Aliporudi alikuwa amekunja uso.

"Nani anaziba hizi?"

Mama alikuwa mlangoni na kapu la vibanio vya nguo. "Mimi. Kila mwaka kabla ya mvua. Nazikwangua kwa kisu kwanza, ili saruji ishike."

"Unazikwangua zote?"

"Hata zile ndogo. Nyumba lazima iwe safi."

"Dada yangu, ufa mwembamba kama unywele, wa lipu tu, wewe unaufanya mtaro. Halafu anakuja mkandarasi anaona mitaro thelathini na moja. Angefanyaje?" Akamgeukia Sindano. "Ufa wa zamani uliolala hauna neno. Kuna ulio macho, unaotembea. Ukijua upi unatembea, umejua kinachoumwa. Ila kwa macho hutauona, unakwenda polepole kuliko kucha inavyoota."

Sindano aliangalia meza yake ya kukatia. Pale palikuwa na bunda la karatasi nyembamba za kuchorea vipimo vya nguo, zile ambazo ukizivuta kidogo tu zinachanika.

*

Usingizi wa kaka ulikuwa umepotea, sasa na wa mama ukapotea, kwa sababu binti yake alikuwa amekoroga gundi ya unga na kuanza kubandika karatasi kuta nzima. Kipande kimoja juu ya kila ufa, kimekatwa sawa, kimevutwa bila kukunjamana. Juu yake namba na tarehe kwa kalamu ya risasi. Moja mpaka thelathini na moja. Ufa wa kumi na tisa ulikuwa nyuma ya kabati, akalisukuma kabati kwa mgongo.

Kaka alikuja Jumapili, akasimama katikati ya sebule.

"Naona mgonjwa amefungwa bandeji," alisema. "Anaendeleaje? Amekula?"

Sindano aliangalia sakafu.

"Dada, mimi nahangaika na mnunuzi, wewe unaniremba nyumba kwa karatasi?"

"Mwache," mama alisema. "Haombi hela yako."

Mvua zilianza wiki iliyofuata, nazo hazikuja kwa hodi. Kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani Sindano alizunguka na daftari. Wiki ya kwanza, nzima zote. Ya pili, nzima zote, akaanza kufa moyo, kwa sababu nyumba isiyoumwa popote haina cha kutibiwa na kaka angesema karatasi zake hazina akili. Wiki ya tatu aliingia chumbani kwa mama na kuinua macho juu ya dirisha.

Namba ishirini na saba ilikuwa imechanika katikati, mstari safi, kama vile mtu amepitisha mkasi.

Siku nne baadaye ishirini na nane. Wiki ya sita, ishirini na tisa. Zote tatu chumba kile kile, kwenye kuta mbili zinazokutana pembe ya nyuma. Nyingine ishirini na nane zilikaa kama zilivyobandikwa, hata zile za mitaro mipana ya sebuleni iliyomtisha mkandarasi. Na alipozitazama vizuri zile tatu aliona nyufa zake zimepanuka juu na kubanana chini. Hilo hakuhitaji kufundishwa. Ukivuta pindo la gauni pembeni kwenda chini, mshono unaachia kuanzia juu. Kitu kilikuwa kinaivuta pembe ile.

Alimwita Mama Zege. Walichimba kwa jembe nje ya pembe ya mbele kwanza, jembe likaruka na kuwatia ganzi viganja. Kisha wakaenda pembe ya nyuma. Jembe likazama mpaka kwenye mpini, na lilipotoka lilitoka na udongo kama uji, unaometa. Mama Zege akautia kidole, akanusa, akamnusisha Sindano.

Sabuni.

Wote wawili wakageuka. Mama alikuwa amesimama na beseni la maji ya suuza, tayari kumwaga. Alikuwa amesimama pale pale anaposimama kila siku.

"Mchwa," alisema, sauti imeshuka. "Walikula fremu ya mlango mwaka aliofariki baba yenu. Niliambiwa maji ya sabuni yanawafukuza. Sijawahi kuacha hata siku moja." Akalitazama beseni. "Miaka kumi na moja."

 Sindano alimsogelea, akalichukua beseni mikononi mwake, akaenda kulimwaga mbali, barabarani.

*

Mvua zilikatika. Kaka alikuja na mkandarasi wake, na mkataba wa mnunuzi umekunjwa ndani ya bahasha. Alimleta mkandarasi ili mama aisikie bei kwa mara ya mwisho kwa masikio yake mwenyewe, aridhike, atie sahihi.

Walikaa sebuleni. Mama Zege naye alikuwepo, amekuja kufuata ovaroli lililokuwa tayari tangu miezi miwili iliyopita.

"Msingi ni kitu cha hatari, mama," mkandarasi alianza. "Siyo kitu cha kuchezea."

"Ni kweli," Sindano alisema.

Kaka aligeuka kutafuta nani amesema.

Sindano alikuwa amesimama karibu na cherehani, futi imezunguka shingoni, amezishika ncha zake mbili kwa mikono yote. Aliongea akiitazama futi, siyo watu, lakini aliongea.

"Wewe uliandika mita arobaini na nane. Nimepima mara mbili, ni thelathini na sita. Ulipima kwa hatua."

Mkandarasi alivificha viatu chini ya kiti. Mama Zege akakohoa ndani ya ngumi.

"Hata zikiwa thelathini na sita," kaka alisema, "dada, bado ni..."

"Milioni kumi na nne na laki nne. Najua. Sijamaliza, kaka."

Alisema *sijamaliza* kwa upole, kama anayemwomba mteja asisogee wakati anapimwa kiuno. Kaka akafunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wazaliwe kwa dada yake kumkatiza.

Aliwazungusha. Chumba kwa chumba, na daftari mkononi, aliwaonyesha karatasi moja moja. Moja, nzima. Mbili, nzima. Mkandarasi alianza kwa kutabasamu na akafika namba kumi tabasamu limekwisha. Kuanzia hapo alisogeza uso kwenye kila karatasi, akasoma tarehe, akagusa. Kwenye ufa wa kumi na tisa walisukuma kabati wote. Wakaingia chumbani kwa mama. Ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa: zimechanika. Thelathini na thelathini na moja, nzima.

"Tulipima pia usawa wa nyumba kwa mpira wa maji, ule wa mafundi," Sindano alisema. "Pembe hii imeshuka vidole viwili. Nyingine tatu ziko sawa. Ardhi ya pale ni laini kwa mita mbili upande huu, na tatu upande ule. Jumla tano. Kwa bei yako mwenyewe ya laki nne, ni milioni mbili."

Mkandarasi aliirudia namba ishirini na saba, akapitisha kidole kwenye mchaniko.

"Nani alikufundisha kubandika hivi?" aliuliza.

"Hakuna. Karatasi ninazo."

Mkandarasi alijikuna kidevu. Alikuwa na njia mbili, na ile ya kubisha aliitazama kidogo kabla ya kuiacha. "Mimi nilipiga hesabu ya nyumba nzima kwa sababu sikujua inatembea wapi," alisema. "Nyufa mpya na za zamani, zote zina saruji mbichi. Ningesema kuta tatu zimepona, halafu zianguke, jela naenda mimi." Akamtazama kaka. "Lakini alichosema ni sawa. Ni mita tano. Mimi mita tano sizifuati, vijana wangu ni wengi. Mtafute fundi mzuri."

"Amekaa mbele yako," Mama Zege alisema. "Laki tatu na ishirini kwa mita. Magoti yangu bure."

Kaka hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa amebeba mzigo akaambiwa autue, naye hajui mikono aipeleke wapi.

"Subirini," alisema. "Tukitengeneza, si itashuka tena? Ardhi imelainika kwa nini pale tu? Haya maji yametoka wapi?"

Ndipo ulimi wa Sindano ukarudi kuwa mzito. Alikuwa na jibu daftarini, ukurasa mzima. Aliufunika kwa kiganja. Kaka alimtazama yeye, mkandarasi alimtazama yeye, na ujasiri wote wa nyufa thelathini na moja ukamwishia kwenye swali hilo moja.

"Kwangu," mama alisema.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, mikono yenye mikunjo ya maji juu ya magoti.

"Nimekuwa nikimwaga pale kila siku, nikifukuza mchwa. Mwanangu amelijua hili zaidi ya mwezi na hajanitaja hata kwa jicho." Akamtazama kaka. "Nyumba nimeizamisha mimi, kwa beseni. Sasa nataka niione ikinyanyuliwa. Hiyo bahasha ondoka nayo."

Kaka alimtazama mama, kisha beseni chini ya dirisha, kisha mama tena. Kitu kilianza kumtikisa mabega.

"Na mchwa?" aliuliza. "Walikimbia?"

"Sijawaona tena."

"Lazima, mama. Wameogopa kuzama."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, akapangusa macho kwa kanga, na kaka akaketi pembeni yake kitandani akacheka mpaka bahasha ikamwanguka.

*

Mama Zege alichimba mita tano kwa vipande vitano, kimoja kimoja, amelala ubavu. Wiki tatu na nusu. Nusu ya gharama alitoa kaka, nusu ilitoka kwenye kopo la mama na la Sindano. Mahali pa kufulia pakahamishiwa upande wa pili wa uwanja, pakawekwa sakafu na bomba la kupeleka maji mbali. Mama alilalamika siku mbili kwamba ni mbali, siku ya tatu akasema kuna kivuli.

Sindano alibandua karatasi zote isipokuwa pale palipochanika. Pale alibandika mpya tatu, akaandika tarehe. Mvua za msimu uliofuata zikaja, zikanyesha usiku na mchana, zikapita. Alisimama chini ya dirisha na daftari lake. Ishirini na saba, nzima. Ishirini na nane, nzima. Ishirini na tisa alipanda juu ya kigoda kuitazama, akapitisha kidole kutoka ncha hadi ncha. Nzima.

Wiki hiyo hiyo mtu alisimama mlangoni, amejikunyata kidogo. Alikuwa mkandarasi, na safari hii alikuwa amevaa viatu vya raba, vipana.

"Dada," alisema, "nina nyumba moja, ina nyufa kama ramani. Wenyewe wanataka kuivunja. Nimewaambia wasubiri, kuna mtu mwenye karatasi."

Sindano aliacha kukanyaga cherehani. Uzi ulikuwa mdomoni, akautoa. Huko ndani, mama na vibanio vyake walinyamaza kusikiliza.

"Nitakuja," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, akaiacha hivyo hivyo. "Jumatatu. Ila kupima napima mimi."